Nikishinda, Napata Nini?

"Nikishinda, napata nini?"

Aliyeuliza ni mama wa watoto wanne, wa mwisho kampakata, amekaa kwenye benchi la zahanati nje kidogo ya mji wa Tanga. Muuguzi ndiyo kwanza alikuwa amemaliza kumsomea aya ya tatu ya fomu ya ridhaa, kwa ile sauti ya kusomea matangazo baada ya ibada. Aya hiyo niliitafsiri mimi. Nilikuwa nimekaa nyuma kwenye kiti cha plastiki, daftari mapajani, na kusema kweli nilikuwa nasubiri kusifiwa.

Sentensi ilisema hivi: "Njia ya uzazi wa mpango utakayopewa itachaguliwa kwa bahati nasibu." Ichambue utakavyo, kisarufi haina kasoro. Kamusi inaikubali, na fomu nyingi zilizonitangulia zimeandika hivyo hivyo. Ila mtu aliyekua akisikiliza redio anajua bahati nasibu ni kitu gani. Ni tiketi, ni namba, ni mshindi wetu wa wiki hii anatokea Morogoro na ameondoka na pikipiki. Siku hizi hata tiketi haihitajiki, mkeka unasukwa kwenye simu. Mama wa watu alisikia neno analolijua, akauliza swali ambalo yeyote mwenye akili zake angeuliza.

"Hakuna kushinda, mama," muuguzi akamwambia. "Kompyuta ndiyo inachagua."

"Kwani kompyuta inanijua?"

Nimeshaulizwa maswali magumu ya tafsiri na wasomi wenye miwani minene. Hakuna lililonikalisha kitako kama hilo. Kompyuta haimjui, ndiyo. Haijui ana watoto wangapi, haijui kama mumewe ni dereva wa malori, haijui kama mwaka jana alichoma sindano ikamsumbua. Utafiti mzima umesimama juu ya huko kutomjua. Na mimi nilikuwa nimeandika neno linalomwambia kuna zawadi.

Utafiti wenyewe sitautaja, wala zahanati. Ulikuwa mdogo, unalinganisha njia za uzazi wa mpango, na siku ile tulikuwa tunaijaribu fomu tu kabla kazi haijaanza. Kosa lilikuwa langu, na nililitembeza kichwani njia nzima ya kurudi Dar.

Kazi hii niliingia kwa mlango wa nyuma. Nilikuwa mwalimu wa Kiswahili sekondari, rafiki yangu mkunga akaniomba "niitupie jicho" fomu ya kurasa tisa iliyotafsiriwa na kijana wa ofisini kwao. Niliirudisha imejaa wino mwekundu. Tangu hapo ni miaka kumi na kitu, na karibu kila ninacholetewa ni cha afya ya uzazi: uzazi wa mpango, ujauzito, saratani ya mlango wa kizazi, kinga ya VVU kwa wasichana. Unapewa Kiingereza, unaandika Kiswahili. Mtu mwingine ambaye hajaiona ile nakala ya kwanza anakirudisha Kiswahili chako kwenye Kiingereza, kisha wakubwa wanalinganisha Kiingereza na Kiingereza. Vikifanana, fomu inakwenda kwenye kamati ya maadili, inagongwa mhuri, inapigwa chapa.

Mzunguko huo una manufaa yake, umeninasa mara nyingi. Lakini unapima karatasi kwa karatasi. "Bahati nasibu" ikirudishwa Kiingereza inafika salama salimini kila mara, kwa sababu anayeirudisha ni msomi kama mimi na anajua nilitaka kusema nini. Mwenye benchi lake pale zahanati hayumo kwenye mzunguko.

Jioni ile nilimsimulia dada yangu kwa simu. Akacheka, kisha akauliza swali la pili ambalo nalo ni la haki: kwa nini wasimpe kila mwanamke njia anayoitaka, wakaangalia tu yatakayotokea? Kuna ulazima gani wa kuokoteza?

Nikamweleza habari ya utafiti ulioitwa ECHO, kwa kuwa sijui mfano mwingine unaolionyesha jambo hili waziwazi namna ile.

Sindano ya miezi mitatu, hii ambayo kila mtu anaiita Depo, ilikuwa imetiliwa shaka tangu mwanzoni mwa miaka ya 1990. Tafiti kadhaa zilidokeza kwamba wanaoitumia wanaambukizwa VVU zaidi kuliko wasioitumia. Nyingine zikasema hakuna kitu. Ubishi ukaenda miaka na miaka, na haukuwa ubishi wa ukumbini tu, maana sindano hiyo ndiyo kimbilio la mamilioni ya wanawake Afrika Mashariki na Kusini, huko huko ambako VVU vimejaa. Ukiiondoa bila sababu, wanawake watashika mimba wasizozitaka na wengine watafia kwenye uzazi. Ukiiacha, na kumbe kweli inafungulia mlango virusi, basi ni serikali na wauguzi wake wanaochoma.

Tafiti zote hizo za mwanzo zilikuwa na ufa mmoja: kila mwanamke alijichagulia mwenyewe. Dada yangu hakuona tatizo lilipo, nikamwambia tuchukue mama lishe. Tuseme umehesabu ukakuta wanaokula kwa mama lishe wanaumwa matumbo kuliko wanaokula nyumbani. Ni chakula chake? Au ni kwamba anayekula pale ni kondakta, ni mpiga debe, ni mtu ambaye kutwa nzima anakunywa maji popote anapoyakuta na hana pa kunawia mikono? Huwezi kujua. Chakula na maisha ya mlaji vimeshikana kama ugali na sufuria. Na sindano ni vivyo hivyo. Pengine anayeichagua ni yule ambaye mumewe hataki kusikia habari ya kondomu. Pengine ni yule anayetaka njia isiyoonekana, isiyoguswa, isiyokutwa kabatini. Ukimkuta ameambukizwa, utamlaumu nani, sindano au mume?

Dawa ya ufa huo ni moja tu: mwanamke asijichagulie, wala muuguzi asimchagulie, wala daktari. Iwe kama shilingi iliyorushwa. Hapo wake wa madereva watagawanyika sawasawa pande zote, wenye waume wakali watagawanyika, hata wenye siri ambazo hakuna anayezijua watagawanyika. Kitakachobaki kuwa tofauti ni njia yenyewe.

Desemba 2015 watafiti wa ECHO wakaanza. Vituo 12 katika nchi nne: Eswatini, Zambia, Afrika Kusini na Kenya, na cha Kenya kilikuwa Kisumu. Wanawake 7,829 wa umri wa miaka 16 hadi 35. Kila mmoja alipaswa kukubali kwamba atapokea yoyote kati ya tatu, iwe sindano, kitanzi cha shaba au vijiti vya mkononi, na hatajua ni ipi mpaka ameshasaini. Hebu jiweke pale. Umeenda kutafuta njia ya kupanga uzazi, jambo ambalo mwanamke anapigania kulichagua mwenyewe tangu ukweni mpaka kitandani, na unaombwa uiachie shilingi. Wapo wanaharakati waliopiga kelele kwamba hii ni kumnyang'anya mwanamke uamuzi, na sikuwaona wajinga. Mimi mwenyewe nilinung'unika niliposoma habari zake mara ya kwanza. Lakini kila nikilitafuta jibu jingine la ule ubishi wa miaka yote, silipati.

Matokeo yalitoka Juni 2019. Katika kila wanawake 100 kwa mwaka, walioambukizwa upande wa sindano walikuwa 4.19, upande wa kitanzi 3.94, upande wa vijiti 3.31. Utafiti ulikuwa umesukwa ili kuinasa hatari iliyozidi kwa nusu nzima, na hatari ya namna hiyo haikuonekana. Ndogo kuliko hiyo ingeweza kupenya wavuni, na waandishi hawakuficha. Miezi miwili baadaye Shirika la Afya Duniani likaiondoa tahadhari lililokuwa limeiweka juu ya sindano mwaka 2017.

Wengi waliishia hapo: sindano imefutiwa mashtaka, tuendelee. Mimi kilichonikaa kooni ni hesabu ya jumla. Wanawake 397 waliambukizwa. Hawa hawakuchaguliwa kwa kuwa wana hatari kubwa, walikuja kutafuta uzazi wa mpango tu kama mimi na wewe. Walipimwa, walishauriwa, walipewa kondomu, walirudi kliniki mara kwa mara, na bado karibu wanne katika kila mia waliambukizwa kila mwaka, uwape sindano, uwape kitanzi, uwape vijiti. Swali waliloenda nalo lilijibiwa. Hilo jingine hakuna aliyekuwa ameliuliza.

Dada yangu akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Sasa hayo yote uliyonieleza kwa dakika ishirini ndiyo uliyaweka kwenye 'bahati nasibu'?"

Ndiyo hayo.

Nikianza maneno sitamaliza, lakini machache lazima niyatoe moyoni. Kitanzi, kwa mfano. Kwenye kliniki ya mama na mtoto neno hili limezoeleka, mabibi wanalitamka huku wanatafuna karanga. Wakenya wengi wanasema koili, wakubwa wetu wengine wanasema lupu. Lakini liandike kwenye fomu, mstari mmoja chini ya kichwa kinachosema "Hatari Zinazoweza Kutokea", uone msichana wa miaka kumi na tisa anavyolisoma. Kitanzi ndicho cha kujinyongea. Siku hizi ninaandika "kitanzi cha kuzuia mimba, kipande kidogo cha plastiki na shaba kinachowekwa ndani ya mji wa mimba", na muuguzi anakuwa nacho mezani, anakishika, anamwonyesha. Kikionekana hofu inapungua nusu.

Au madhara. Kiingereza kina neno moja la mambo yote yanayoambatana na dawa, kuanzia kuumwa kichwa mpaka kulazwa. Kiswahili cha kliniki zetu kina kitu kizuri zaidi, "maudhi madogo madogo", na ninamshukuru asiyejulikana aliyelibuni. Kila mwanamke anaelewa. Maudhi ni kama ya wifi, yanakera na unaishi nayo. Madhara ni jambo jingine. Mara nyingi ninaletewa fomu iliyochanganya vyote kwenye kapu moja, na sehemu kubwa ya kazi yangu ni kurudi kwa watafiti kuwauliza: hiki mnachokisema hapa, ni maudhi au ni madhara? Wakati mwingine wanatazamana.

Halafu kuna kile kidonge kisicho na dawa, kinachotolewa kwa kundi moja la washiriki ili kulinganisha. Wapo wanaokiita "dawa bandia". Tafadhali! Dawa bandia ni zile zinazokamatwa madukani na kuteketezwa mbele ya kamera za televisheni. Humwambii mtu kwamba utampa dawa bandia halafu ukategemea asaini. Ninaandika "kidonge kinachofanana na dawa lakini hakina dawa ndani yake", maneno tisa badala ya mawili, na anayepanga kurasa ananichukia.

Ndiyo maana niliupenda utafiti wa chanjo ya HPV uliofanyika Thika, Nairobi na Kisumu, ule walioupa jina la KEN SHE. Swali lilikuwa kama dozi moja tu inatosha kuwakinga wasichana na virusi vinavyoleta saratani ya mlango wa kizazi, wakati ratiba zilitaka mbili au tatu. Washiriki walikuwa 2,275, wa miaka 15 hadi 20. Kundi la kulinganishwa halikuchomwa maji, lilichomwa chanjo ya homa ya uti wa mgongo, na chanjo ya HPV likapangiwa kuipata baadaye. Mfasiri anapumua anapokutana na kitu kama hicho, kwa sababu unaweza kuandika kwa moyo mweupe kwamba kila msichana ataondoka na kinga ya kitu fulani. Baada ya miezi 18 walihesabu waliokuwa na maambukizi yaliyong'ang'ania mwilini ya aina mbili hatari zaidi, namba 16 na 18. Kundi la uti wa mgongo, 36. Makundi mawili yaliyopewa dozi moja ya HPV, mmoja na mmoja. Sijui kama katika fani hii kuna jedwali jingine linalosomeka hata kwa mtu asiyependa hesabu. Mwanza nako kulikuwa na utafiti wa wasichana wadogo zaidi, 930, wa miaka 9 hadi 14, waliolinganishwa kwa dozi moja, mbili na tatu. Desemba 2022 Shirika la Afya Duniani likasema dozi moja inaweza kutumika, na mwaka 2024 Tanzania ikahamia huko. Binti wa jirani yangu amechomwa mara moja shuleni, akarudi analalamika mkono, basi imekwisha.

Kinachonisumbua kuliko maneno yote ni "ndiyo".

Sisi ni watu wa ndiyo. Mtu mwenye koti jeupe akikusomea kurasa tisa kwa upole, kisha akakuuliza, "Umeelewa, mama?", utamjibu hapana kweli? Umekaribishwa, umepewa soda, umeahidiwa nauli. "Nimeelewa" hapo ni adabu, ni kama "nzuri" anayojibu mgonjwa wa homa akiulizwa habari za asubuhi. Nimekaa kwenye mabenchi ya kutosha kuisikia ndiyo ya namna hiyo. Inakuja haraka mno, kabla swali halijafika mwisho.

Gharama yake ilionekana wazi katika FEM-PrEP. Ulikuwa utafiti wa kidonge cha kila siku cha kuwakinga wanawake na VVU, washiriki 2,120 Kenya, Afrika Kusini na Tanzania. Ulisimamishwa Aprili 2011. Waliopewa dawa waliambukizwa 33, waliopewa kidonge kisicho na dawa 35. Ukiangalia hivyo utasema dawa haifai kitu. Lakini kwa maelezo yao wenyewe, asilimia 95 walikuwa wanameza kila siku au karibu kila siku. Damu ilipopimwa, dawa ilikutwa kwa wachache, chini ya asilimia 40. Karibu kipindi hicho hicho, utafiti mwingine mkubwa, VOICE, wenye wanawake 5,029 Uganda, Zimbabwe na Afrika Kusini, ulikutana na jambo lile lile.

Nilisikia watu wakisema wale wanawake walidanganya. Silipendi neno hilo. Kidonge chenyewe ni cha jamii ya dawa za kufubaza VVU. Kikikutwa chini ya mto, mume atasema unao, mama mkwe atasema unao, mtaa mzima utajua unao. Na kliniki inakupima bure, inakutibu, muuguzi anakuita kwa jina. Kwa hiyo unakwenda, unasema ndiyo, unarudi nyumbani, vidonge unavitia chooni. Hakuna aliyewapa mahali pa kusema hapana bila kupoteza kila kitu kingine. Mwaka 2024 zilipotoka habari za lenakapaviri, sindano ya mara mbili kwa mwaka, kwamba kati ya wasichana na wanawake 2,134 walioipata Uganda na Afrika Kusini hakuna hata mmoja aliyeambukizwa, watu walisifia dawa. Ni haki yake. Mimi nikawaza kwamba hatimaye kuna kitu kisichohitaji kufichwa chini ya mto.

Nirudi Tanga. Wiki mbili baadaye tulirudi na fomu mpya. Sentensi ya bahati nasibu niliifuta. Mahali pake niliandika:

"Hutachagua njia wewe mwenyewe, wala muuguzi hatakuchagulia, wala daktari. Ni kama watoto wanavyookota vikaratasi vilivyokunjwa: unachookota ndicho chako. Ukiokota kitanzi utawekewa kitanzi, hata kama ulitaka sindano. Kama ipo njia ambayo huitaki kabisa, usijiunge na utafiti huu. Utapata huduma zako kama kawaida."

Ofisini waliguna. Aliyerudisha tafsiri kwenye Kiingereza aliandika pembeni kwamba nimeongeza mambo yasiyokuwemo. Yalikuwemo, nikamjibu, yalikuwa yamejificha ndani ya neno moja. Tulibishana kwa barua pepe siku nne, na kwa msaada wa daktari mmoja mtu mzima aliyechoka na ubishi, ikapita.

Safari hii muuguzi alikuwa na kikapu kidogo cha ukindu chenye vikaratasi kweli kweli. Wanawake walicheka, wakaokota, wakafunguliana. Ndipo maswali yakaanza. La kwanza lilikuwa la damu. Fomu ilisema kila hudhurio watachukua "vijiko vitano vya chai", namna tunavyoandika siku zote ili watu wasitishwe na mililita. Mama mmoja mwenye ushungi wa kijani akahesabu kwa vidole.

"Vijiko vitano. Na mahudhurio ni kumi. Hivyo ni vijiko hamsini, mwanangu. Si kikombe kizima hicho?"

Ni robo lita. Ni kikombe kizima, tena cha kujaa. Hakuna aliyewahi kulipiga hesabu hiyo, si mtafiti, si kamati, si mimi. Bibi yangu mzaa mama, wa Pangani, alikuwa akitutisha na mumiani, anayewavizia watu na kuwanyonya damu ya kutengenezea dawa, na nilipokuwa msomi nilijifunza kucheka hadithi hizo. Pale nilihisi bibi ameketi kwenye benchi na ushungi wa kijani. Tukaandika: "Damu yote, kwa mwaka mzima, ni kama kikombe kimoja cha chai. Mwili wako utairudisha", na tukaeleza inakwenda wapi na itapimwa nini.

La pili lilikuwa lile la kila mahali: ukichoma sindano hupati siku zako, sasa damu inakwenda wapi, si inajaa tumboni? Kurasa tisa, na hakuna mstari hata mmoja juu ya hilo, ilhali karibu nusu ya wanaotumia Depo kwa mwaka mmoja siku zao hukoma. Mama yangu mzazi aliacha sindano miaka hiyo kwa hofu hiyo hiyo, na mimi ni matokeo ya kuacha kwake, kwa hiyo sina la kulalamika. Muuguzi alilijibu vizuri kuliko ambavyo ningeweza kuandika. "Kila mwezi mji wa mimba unatandika godoro kwa ajili ya mgeni. Mgeni asipokuja, godoro linatupwa nje, ndiyo hiyo damu. Sindano inauambia mji usitandike. Hakuna godoro, hakuna cha kutupa." Niliandika neno kwa neno.

Mwisho kabisa aliinuka binti mmoja, fundi cherehani, uzi mweupe umemganda kwenye mkono wa gauni. Alikuwa hajasema kitu tangu asubuhi. Muuguzi akamwomba aeleze kwa maneno yake mwenyewe alichokielewa, maana sasa hatukuwa tunauliza "umeelewa?" tena.

"Nimeelewa kwamba mnataka kujua ipi ni nzuri," akasema, "na hamwezi kujua kama kila mtu anachukua anachopenda. Kwa hiyo lazima tuokote. Na mimi naweza kuokota kitanzi." Akakunja kikaratasi chake, akakirudisha kikapuni. "Mimi kitanzi sitaki. Kwa hiyo mimi ningekataa."

Kijana wa utafiti aliyekaa pembeni yangu aliandika kitu, akaninong'oneza kwamba fomu mpya itawapunguzia washiriki. Huenda. Binti alikuwa ameshachukua mkoba wake. Aliingia chumba cha pili, mlango wa bluu, akatoka baada ya dakika kumi anasugua bega, kadi mkononi, akawa anamuuliza mwenzake siku ya kurudi itaangukia siku gani ya wiki, kwa sababu Jumamosi ana gauni la bibi harusi.